Vidonge vya Mama Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu ameondoka na lori alfajiri, na mvua ya kwanza ikamsindikiza. Safari yake ni ya wiki nne, zaidi ya hapo kama barabara zitaharibika. Ndoa yetu haijatimiza hata miezi miwili, na leo nimehamia kwa mama yake na mabegi yangu, maana chumba tulichopanga kinaingia maji.

Nyumba ya mama mkwe inaanza na karakana. Humfikii bila kupita kati ya makochi yaliyovuliwa vitambaa, marundo ya sponji na harufu ya gundi. Watu wanamwita Mama Fundi. Ni mrefu, mnene, anatembea taratibu, na anaweza kuongea nawe huku amebana misumari mdomoni bila hata mmoja kudondoka.

Tulipomaliza chakula cha jioni alichukua kikopo kilichokuwa karibu na chumvi, akatoa vidonge viwili, akaviweka mezani mbele yangu kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Mwanangu alikuambia naumwa nini?"

"Presha, mama."

"Presha!" Alicheka mpaka vikombe vikagongana. "Mwoga yule. Anashusha lori mlimani usiku, lakini neno moja linamshinda kutamka. Sikiliza, mke wa mwanangu. Hospitali wanauita skizofrenia. Mtaani wanauita wazimu. Mimi niko nao tangu huyo dereva wako ananyonya, na vidonge hivi nameza kila jioni. Nimekuambia mwenyewe ili usije kuambiwa na wengine."

Akameza, akashushia maji, akaniuliza kama nataka chai.

Nikasema nataka. Sasa niko chumbani, nimefunga komeo. Naona aibu, lakini sijalifungua.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kutwa. Nimeogopa kumpikia, nikaogopa kutompikia. Amepika yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Saluni ninakofanya kazi ya kusuka hakuna wateja. Nani asukwe nywele za kwenda kunyeshewa? Nimeshinda karakanani nikimtazama. Anavua kitambaa cha zamani polepole, anakilaza juu ya kipya, anachora, anakata, hapotezi hata kipande cha kushonea mto. Mikanda ya chini, ile inayobeba sponji, anaivuta kwa goti na mkono, kisha anaigonga kwa kiganja. Ikilia kama ngoma anatabasamu. Ikiwa bubu anaing'oa na kuanza upya.

Nikajikaza nikamuuliza, "Mama, bado unasikia? Hizo sauti?"

"Kwa mbali. Kama watu wanaogombana nyumba ya tatu. Najua wapo, ila sifuati maneno yao." Akatema msumari kiganjani. "Nisipomeza ndiyo wanahamia kwangu, wanakaa kwenye makochi ya wateja."

Nimecheka kabla sijajizuia. Naye akacheka.

Jumapili, 9 Machi

Komeo sijalifunga tangu juzi.

Jumatano, 12 Machi

Jirani wa mkono wa kulia anaitwa Mama Redio, na jina hilo halikumkosea. Leo alinivizia bombani.

"Wewe binti, uliolewa na mwana au na mama yake? Huyo mama aliwahi kuchana makochi ya watu! Mkasi hivi, mkono hivi! Muulize."

Nikarudi nikamuuliza. Nilitegemea akane au akasirike. Aliendelea kupaka gundi.

"Ni kweli. Nilikuwa nimeacha dawa kwa sababu nilijiona nimepona. Nikawa na hakika kuna vinasa sauti ndani ya sponji. Nikachana yote, kochi moja moja. Asubuhi wateja wanakuja, wanakuta manyoya ya sponji mpaka barabarani, na mimi katikati nimeshika mkasi. Mwanangu alikuwa darasa la nne. Aliniongoza kwa mkono mpaka hospitali, na mimi namwona askari."

Nikamsogezea kopo la gundi.

"Nilipotoka nikajiwekea sheria. Siku nitakayowaona watu wa nyumbani kwangu ni maadui, siku hiyohiyo nakwenda hospitali. Hata kama nina hakika." Alininyooshea brashi. "Hasa nikiwa na hakika. Mtu mwenye afya huwa na wasiwasi kidogo. Mimi nikiugua sina wasiwasi hata chembe."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu nilikuja hapa nikidhani nitaishi na mtu asiyejielewa. Sijui ni wangapi ninaowafahamu wanaojielewa hivi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemsindikiza kliniki. Foleni ndefu, viti vichache, kila mtu anatazama magoti yake. Mama Fundi peke yake anasalimia, anauliza hali, anakagua mishono ya benchi na kusikitika.

Dawa yake ya miaka yote imekwisha hospitalini na madukani hakuna. Daktari, binti ambaye naona tunalingana umri, amempa nyingine mpaka ile ipatikane.

"Hii ina nguvu zaidi," akasema. "Ukiona shida rudi."

"Shida gani?" mama akauliza. Lakini mlango ulishafunguliwa, na mgonjwa mwingine alikuwa anaingia.

Jumatatu, 24 Machi

Kazi kubwa imeingia! Kuna bwana anafungua mgahawa mvua zikiisha, na anataka viti vyake vyote vivalishwe upya, na mabenchi ya ukutani pia. Alikuja na koti la mvua, hakulivua, hakukaa, alitaja neno "haraka" katika kila sentensi. Alipotoka tu mama akampa jina: Bwana Haraka.

"Hii ndiyo kazi niliyokuwa naisubiri," aliniambia. "Watu watakula, watakaa, watauliza nani kashona."

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Daraja la barabara kuu limefunikwa. Mume wangu kapiga simu: amekwama upande wa pili pamoja na malori mengine, wanapika kando ya barabara.

Mkono wa mama unatetemeka. Nimeuona alipokuwa anamimina chai.

Jumanne, 1 Aprili

Amejaribu kutunga uzi kwenye sindano tangu asubuhi. Ile iliyopinda, ya kushonea kingo. Nikamwambia nipe nikutungie. Akanipa, nikatunga, akaipokea, akachoma mshono wa kwanza, ukaenda upande. Akaufumua. Wa pili ukaenda upande. Miguu nayo haitulii, hata akikaa anapiga hatua palepale.

"Nimekuwa cherehani iliyowashwa bila kitambaa," akasema. Mzaha ni wake, lakini sauti haikuwa ya mzaha.

"Turudi kwa daktari, mama. Alisema ukiona shida."

"Tarehe yangu bado. Ukienda siku isiyo yako wanakutazama kama mwizi. Na maji yamejaa njiani."

Alhamisi, 3 Aprili

Bwana Haraka amepita. Amekuta viti viwili tu vimekwisha. Ametazama mikono ya mama, kisha akatazama saa.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo baada ya kula alitoa vidonge, akavitazama, akavirudisha kwenye kikopo.

"Jana sikumeza," akasema. "Leo pia simezi. Nakuambia ili usije kugundua mwenyewe ukadhani nilikuficha."

Kijiko kikabaki hewani mkononi mwangu. "Mama, wewe ndiye uliyeniambia..."

"Najua nilichokuambia."

"Sasa?"

"Sasa nitazame." Akanyoosha mikono juu ya meza. Vidole vyote vilikuwa vinacheza. "Mimi ni fundi. Mume alipokufa mikono hii ndiyo iliyomlisha mwanao... mumeo. Ona, hata maneno yanateleza. Nikikaa na akili nzima na mikono hii, nitakuwa nani? Nitakuwa mgonjwa anayetazama dirishani. Nimalize viti, halafu nitarudi kwao waniseme wanavyotaka."

Nikamsihi, nikalia kidogo, nikakasirika. Akanisikiliza yote bila kunikatiza, kisha akanimiminia chai, na nusu ikaingia kwenye kisosi.

Nimempigia mume wangu. Nilimsikia akijitenga na kelele za wenzake. Kisha akasema, "Usimfichie vidonge kwenye chakula. Shangazi aliwahi kufanya hivyo, na mpaka leo mama hali kwake. Kaa naye tu. Daraja likifunguka nakuja."

Nina hasira naye mama, na bado siwezi kumdharau. Angeweza kuvitupa chooni na kunichekea usoni.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Hajameza.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Hajameza. Mikono imetulia! Ameshona kiti kizima kabla ya chakula cha mchana, na kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Anaimba. Ameniita nione, akanikalisha, akauliza kama nasikia mkanda unavyonipokea.

Nilikuwa namhofia bure, labda.

Jumanne, 15 Aprili

Viti vinapangana ukutani, vyekundu, vizuri mno. Mama Redio alichungulia akakosa la kusema, na hilo ni tukio. Mama anafanya kazi tangu kunapambazuka, hapumziki, hali mpaka nimwite mara tatu. Anasema muda ndio huu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Hajameza. Leo ndiyo siku ya kliniki, na amesema tutakwenda kesho. Ameniuliza nani alipita dirishani. Hakupita mtu.

Jumamosi, 19 Aprili

Amefunga madirisha ya karakana, na gundi inanuka mpaka kichwa kinauma. Nikafungua. Akafunga.

Jumapili, 20 Aprili

Ameacha kuimba. Anasimama katikati ya mshono, anainamisha kichwa kama mtu anayeitwa, halafu anaendelea. Nilimwambia, "Mama, twende." Akaniambia, "Unanifukuza kwangu?"

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi sasa hivi, nguo zimelowa, na nitaandika kabla sijabadilisha, maana nikilala nitasahau mpangilio wake.

Mchana nilipakua maharage na wali. Mama alikuwa anakata kitambaa. Alikuja mezani na mkasi wake mkubwa mkononi, akainusa sahani, akaisukuma.

"Umeweka nini humu?"

"Maharage, mama. Na kitunguu."

"Nimekuuliza umeweka nini."

Nikachukua kijiko nikala kutoka sahani yake. Alinitazama nikitafuna, nikimeza.

"Umekula upande usio na kitu," akasema. "Wamekufundisha vizuri."

Macho yale sijapata kuyaona. Yalikuwa yananitazama mimi lakini yanamwona mtu mwingine kabisa, mtu mbaya. Na mkasi uko mkononi. Mwili wangu wote uliniambia nikimbie. Sikukimbia, na siyo kwa ushujaa. Mlango ulikuwa nyuma yake.

"Nina hakika," mama akasema. "Nimekuwa nikiona tangu juzi. Wewe na yule wa dirishani. Mnataka karakana. Nina hakika kabisa."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akarudia, polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika, "Nina hakika kabisa."

Akautazama mkasi. Akatembea nao mpaka kwenye rafu ya juu kabisa, ile anayoifikia yeye tu kwa urefu wake, akauweka huko, akausukuma ndani. Akavaa koti la mvua juu ya aproni.

"Nakwenda hospitali."

"Twende, mama."

"Sikuamini. Usidhani nakuamini. Wala yule binti daktari simwamini, ni mmoja wenu." Alikuwa anafunga vifungo na kukosea, anafungua, anafunga tena. "Lakini kuna mtu mmoja namwamini. Yule mwanamke aliyeweka sheria. Alikuwa na akili kuliko mimi. Alisema nikiwa na hakika niende. Kwa hiyo nakwenda. Wewe tembea mbele, nikuone mikono."

Nikatembea mbele, mikono nje ya mifuko. Mwavuli alinikataza kuufungua. Njia ya kawaida imekatika, ikabidi tupite bondeni, na huko maji yalitufika magotini. Kila nilipogeuka alisimama. Kila niliposonga alisonga. Nilimsikia akijibizana na watu nisiowaona: "Najua. Najua ni mtego. Nakwenda hivyohivyo. Kimya!"

Mwanzoni kabisa, tulipotoka tu getini, Mama Redio alikuwa barazani kwake. Nikasema moyoni, haya, sasa mtaa mzima. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaingia ndani, na nikajua anakwenda kuita wenzake. Alitoka amevaa gambuti za marehemu mumewe. Akaingia majini, akatembea ubavuni kwa mama lakini mbali kidogo, hakumgusa, hakuuliza kitu, na njia nzima, naapa, hakutamka neno hata moja.

Hospitali tulimkuta daktari yuleyule. Mama hakukaa.

"Mkwe wangu ananiwekea sumu," akasema, maji yakimchuruzika. "Na wewe unajua. Sijameza dawa zako tangu mwanzo wa mwezi kwa sababu zilinichukua mikono. Sasa fanya kazi yako upesi, kabla sijabadili nia."

Daktari hakumwambia kwamba hakuna sumu. Alivuta kiti, akakaa yeye, akawa chini kuliko mama, akasema, "Umetembea na mtu unayeamini anakuua, mpaka kwa mtu unayeamini ni mwenzake?"

"Ndiyo."

"Mimi nisingeweza."

Mama akamkazia macho. Kisha akafungua mkono. Daktari akaweka kidonge kiganjani pake, muuguzi akaleta maji kwenye kikombe. Mama alikigeuza kidonge, akakinusa, akanitazama kwa chuki ambayo sitaisahau, akakimeza huku ananitazama vilevile.

Wamemlaza. Mama Redio amenirudisha nyumbani kwa kunishika mkono. Mlangoni ndipo aliposema, "Ukitaka chai, gonga ukuta."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda wodini. Amekataa kuniona. Nimeacha sabuni na kanga kavu kwa muuguzi.

Jumatatu, 28 Aprili

Bwana Haraka amekuja. Amesikia.

"Ni kweli fundi yuko wodi ile?"

"Ni kweli. Yuko kule kwa sababu alijipeleka mwenyewe."

"Mimi nina mgahawa wa kufungua, dada."

Nikamwomba akae kwenye kiti kilichokwisha. Kwa mara ya kwanza alikaa. Akahema, akaegemea, akapapasa kingo kwa vidole viwili. Nikadhani nimemshinda. Akainuka, akasema kazi ni nzuri sana, akaita mkokoteni, akachukua viti vyote vilivyokwisha pamoja na ambavyo havijaguswa. Mabenchi tu ameyaacha, kwa kuwa hayakuenea. Atatafuta fundi mwingine wa kumalizia.

Karakana imekuwa kubwa ghafla.

Alhamisi, 1 Mei

Ameniona leo. Alisema, "Umekonda." Basi, ni hilo tu. Nimelia njia nzima ya kurudi, kwa furaha.

Jumanne, 6 Mei

Mama yuko nyumbani. Anatembea kama amebeba gunia. Amelala mchana, ameamka, amekula, amelala.

Alhamisi, 8 Mei

Ameuliza viti viko wapi. Nikamwambia. Akakaa kwenye benchi moja la mgahawa, lililo mifupa mitupu. "Alikuwa na haki," akasema. "Ningekuwa yeye ningefanya hivyo." Akapapasa ubao wa benchi. "Inauma, lakini."

Jumamosi, 10 Mei

Mvua nyepesi. Baada ya kumeza vidonge vya jioni akaniita nikae.

"Niambie yote niliyokuambia siku ile. Usipunguze."

"Mama, yameshapita."

"Kwako yamekaa. Nataka nijue nimekuachia nini."

Nikamwambia. Sumu, yule wa dirishani, "wamekufundisha vizuri", mikono mbele. Alisikiliza kama alivyonisikiliza nilipomsihi, bila kunikatiza.

"Sumu kwenye mboga gani?"

"Maharage."

Akafikiri. "Haikuwa sumu ile. Ni chumvi. Una mkono mzito, mwanangu, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Tukacheka mpaka Mama Redio akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono, vidole vyake vikitetemeka kidogo juu ya vyangu.

"Nisamehe. Siyo ugonjwa, ule sikuuchagua. Nisamehe kwa kuacha dawa. Kule nilichagua."

"Ulitaka mikono yako."

"Nilitaka. Na bado naitaka." Akanitazama. "Bondeni, kwenye maji, kila hatua nilijua utageuka unizamishe."

"Na ukatembea?"

"Nikatembea."

Niko kitandani nawaza hilo. Tunawasifu wanaovuka maji wakiwa na imani. Mama yangu huyu alivuka bila imani hata kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Kliniki. Leo nimeingia naye chumbani, yeye ndiye aliyetaka. Alikwenda kama fundi anayekwenda kununua mbao, tayari kubishana.

"Daktari, hii dawa inashika kichwa, sikatai. Lakini ukinipa akili ukaninyima mikono, nitakurudishia akili yako. Siyo kiburi. Nakuambia ukweli mapema ili usije kuniandika mkaidi."

Daktari alitabasamu. Akamwambia ashike kalamu achore duara, akatazama linavyotetemeka. Amepunguza kipimo kidogo, ameongeza kidonge cha kutuliza mikono, na kusema ile dawa ya zamani inatarajiwa, ikifika atampigia mwenyewe.

"Na ukiona shida, usingoje tarehe," akasema. "Siku ile ya kwanza sikukueleza shida zenyewe. Nilipaswa."

"Foleni ilikuwa ndefu," mama akamjibu. Nje akaniambia, "Binti mzuri. Atakuwa daktari kweli."

Jumapili, 18 Mei

Daraja limefunguka. Mume wangu amefika na tope mpaka nyusi. Alimkumbatia mama muda mrefu. Baada ya chakula akaanza: atanunua kisanduku chenye kufuli, funguo akae nazo yeye, na akiwa safarini nikae nazo mimi, na kila jioni tumpe dawa wenyewe, tumtazame akimeza. Na karakana ifungwe apumzike.

Mama akamwacha amalize.

"Mwanangu, ukiwa njiani breki zako nani anazikanyaga?"

"Mimi, mama."

"Basi na hizi nakanyaga mwenyewe. Nilikosea mara mbili, na mara ya pili nikajipeleka mwenyewe. Mkitaka kunisaidia, siku nikisema mikono inatetemeka msiniambie nivumilie. Nipelekeni."

Mume wangu akanigeukia, akitegemea nimuunge mkono. Nikamwambia nakaa hapahapa, na chumba cha kupanga akirudishe. Alitutazama, mmoja, mwingine, akacheka. "Nimeondoka miezi miwili na nusu nimepinduliwa!"

Alhamisi, 22 Mei

Leo mama ameshona kiti cha mteja mpya. Mishono mirefu anaweza, ile midogo ya kona namshonea mimi. Vidole vya kusuka vimepata kazi nyingine. Ukipitisha mkono kwenye kiti unajua hasa alipoishia yeye na nilipoanzia mimi. Anasema tukienda hivi, mwakani nitajua kushona.

Jumatatu, 26 Mei

Hakuna mvua. Tumetoa sponji zote nje zipate jua.

Asubuhi alikuja mwanamke, hakuleta kochi. Mama Redio ndiye aliyemwelekeza. Mume wake ni fundi wa kuchomelea mageti. Ameacha dawa, haendi kazini, na anasema haumwi kitu, wanaoumwa ni wao. Alikubali kuja kwa sharti asiingie ndani. Alisimama getini, mtu wa miraba minne, amefunga mikono kifuani.

Mama hakumkaribisha. Alimwita kama anavyoita mtu yeyote anayepita.

"Wewe bwana mwenye nguvu! Njoo univutie mkanda huu, mikono yangu mibovu."

Yule bwana akasita, akaingia. Akashika mkanda wa benchi, akavuta. Mama akagonga msumari. Mkanda wa pili. Wa tatu. Mkewe na mimi tulikuwa tumekaa kwenye ngazi, hatuthubutu hata kukohoa.

"Wanasema na wewe unakunywa dawa," akasema yule bwana, bila kumtazama.

"Kila jioni."

"Zinakuletea usingizi?"

"Zinaniletea usingizi. Zinaninenepesha. Zinanikausha mdomo. Hizi nyingine zilinichukua mikono, nikagombana na daktari. Vuta."

Akavuta. "Sasa unakunywa za nini?"

Mama alitoa msumari mdomoni. Hakujibu haraka. Alinyanyua nyundo akaielekeza kwangu, pale kwenye ngazi.

"Yule pale ni mke wa mwanangu. Nakunywa ili nikimtazama nimwone yeye."

Yule bwana aligeuka akanitazama. Kisha, taratibu, akamtazama mkewe. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma kibao kilicho mbali. Mkewe hakuinamisha macho.

"Leo umeshakunywa?" akamuuliza mama.

"Bado. Mpaka tumalize kula jioni."

Akaurudia mkanda, akauzungusha kiganjani mara mbili ili usimponyoke.

"Basi nitakaa mpaka jioni," akasema.

Nikaingia jikoni kuongeza wali.